Mizani

Miaka thelathini na moja nilifundisha mizani
darasani Pongwe, chaki mkononi, nikigonga dawati:
nane na nane, nane na nane.
Silabi ikizidi, ubeti unachechemea.
Sikujua kwamba ipo siku nitapima nyumba.

Semvua ana yadi barabara ya kumi na tano, nyuma ya gereji.
Matela mawili ya kulala, yametoka bandarini juzi.
Kubwa lina vitanda vinne, jiko, choo, friji,
na kabati lenye kioo
ambamo Mhina alijiona kijana.
"Mama Chausiku, hili litatutosha hadi uzeeni."
Nikamwambia uzeeni tumeshafika,
kazi ni kufika Muheza.

Semvua akapangusa kibati kwa kiganja:
kilo elfu moja na mia moja.
"Na kitabu cha gari lenu kinaruhusu elfu moja mia mbili.
Mia nzima inabaki!"
Akatabasamu kama mtu aliyeturudishia chenji.
Nikauliza: elfu moja na mia, ndani mna nini?
"Ndani? Tupu."

Tupu. Silabi mbili tu.
Nani husafiri mtupu?

Nikakalia tairi bovu, daftari gotini.
Maji lita themanini, kila lita kilo yake.
Mtungi wa gesi, na chuma chake.
Magodoro. Betri. Ndoo, sufuria, mkeka,
kiti cha Mhina cha kukunja, kisichokunjika tena,
na kinu cha marehemu mama yake,
mwaka wa saba hatujatwangia kitu,
naye anasema hakiachwi.
Kila kimoja kiliapa hakina uzito.
Jumla: elfu moja mia tatu na arobaini,
na sisi wenyewe hatujapanda,
wala sijataja ule mzigo unaokalia ndoano,
sehemu moja ya kumi,
gari linaubeba mgongoni kama mtoto aliyekataa kulala.

"Lina nguvu hili," Mhina akasema.
"Lilivuta trekta la Kihiyo kule Magoroto."
Lilivuta. Klachi ikanuka siku tatu.
"Kuvuta si kazi, baba. Kazi ni kusimama.
Ng'ombe hukokota jembe;
jembe likianza kumfukuza ng'ombe, utamwita nani?"

Kijana wa gereji akazima redio.
Mkono wangu, kwa mazoea, ukaandika kando ya hesabu:

Kila gari na kipimo, alichokiweka fundi,
Wa tamaa hana somo, hesabu yeye hapendi,
Akifika kwenye shimo, breki zake hazitendi,
Jiko, friji, choo, kabati, kioo, godoro, kiti, pipa la maji na kinu, mengineyo hayaendi.

Nikampa Mhina asome kwa sauti.
Mstari wa nne ukamkata pumzi.
"Mengineyo yapi? Umeshapakia nyumba nzima!"
"Basi pakua."
Akachukua kalamu. Friji likatoka, choo kikatoka,
kabati likatoka na kijana wake kwenye kioo.
Kwenye kiti alikaa kidogo, kisha akakifuta.
Kalamu ikafika kwenye kinu, ikaning'inia.
Nikamnyang'anya, nikafuta pipa.
Maji tutachota njiani.

Jiko, godoro na kinu, mengineyo hayaendi.

Nane na nane. Semvua akafungua tela dogo bila kuambiwa:
kilo mia sita na arobaini, breki zake lenyewe,
dirisha moja, paa la kuinamia.

Ila kibati ni maneno ya mtu mwingine.
Tulilipakia, tukalipeleka penye mizani ya ghala la katani,
nyuma ya lori la marobota.
Karani akachungulia: "Mmebeba nini?"
"Nyumba."
Akaandika: mia nane na nane.
Nikaomba karatasi, niitunze.

Mhina akanigusa bega.
"Hebu hesabu tena," akasema. "Kile kiti hakiingii kweli?"